Macho Makubwa au Madogo

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Bi Thuwaiba katandika mkeka wake
kati ya muuza udi na muuza sidiria,
vidole vimeiva nili hadi kwenye vifundo.
Anashona barakoa.

Simu inatetemeka mkobani.
Ni Muzna, mwanangu, kutoka huko
ambako saa mbili asubuhi bado ni giza.
"Mama, jana wamejadili uso wangu tena.
Wanaume wawili wa tai, mwanamke mmoja wa miwani,
dakika arubaini, na tangazo la sabuni katikati.
Hakuna aliyejua jina langu."

Nikamuuliza: Utavua?
Kimya. Nasikia treni.
"Faini yake," akasema, "ni bei ya viatu vya baridi."

Na huyu ndiye Muzna
aliyeitupa barakoa ya bibi yake kwenye falaji
akiwa na miaka kumi na minne.
Tuliikuta imenasa kwenye mizizi ya mtende,
maji ya buluu yametiririka mpaka shamba la jirani.
Alisema: Mimi si farasi.
Leo kavaa nikabu, tena ya kuagiza mtandaoni,
katika mji ambao hata mvua hupanga foleni.
Nilimuuliza kwa nini.
Akasema: Huku walinitazama kama nimebandikwa bei.
Sikuelewa.
Nilielewa. Sikutaka kuelewa.

Mimi nilivishwa.
Nilifika hapa kutoka Unguja na miaka kumi na tisa,
Kiarabu changu cha kuombea maji tu.
Mama mkwe akanifunga kamba mbili kisogoni,
akasema: Kwetu ndivyo.
Basi.
Juni ilipowaka nili ikayeyuka,
nikajiona kiooni, midomo ya buluu
kama ya mtu aliyeopolewa kisimani.
Miaka saba.
Siku benki iliponiajiri, meneja akasema
wateja wanapenda kuona tabasamu.
Nikafunguliwa.
Niliita uhuru. Niliita mshahara.
Usiku nilijipapasa puani
nikikitafuta kile kijiti.

Nani aliniuliza?

Kisha ukaja mwaka wa maradhi.
Kiswahili, kwa ujanja wake,
kikafungua sanduku la bibi, kikalitoa neno lile lile
na kulitia kwenye boksi la duka la dawa:
barakoa, hamsini kwa riyali moja.
Na kule kwa Muzna, bawabu wa duka
akawazuia watu mlangoni: Funikeni pua!
Muzna alicheka mpaka akakohoa,
na kukohoa mwaka ule kulikuwa kosa.

Lakini sitaki kuishia kwenye kicheko.
Namjua Ghaniya, nyumba ya tatu kutoka kwetu.
Akitoka kumwaga taka uso wazi
haongeleshwi siku tatu.
Wale wa tai wakimwona Ghaniya
watasema: Si tuliwaambia?
Watamvua barabarani kwa sheria,
mumewe atamfungia ndani kwa ufunguo,
na hiyo faini
ataandikiwa nani?

Haya siyasemi kwenye simu.
Kwenye simu nasema: Umekula? Umevaa soksi?

Msichana wa Kibedui kachuchumaa mkekani.
Bi Thuwaiba kampima kwa shubiri,
kutoka paji hadi mdomo,
kama anayepima mkate.
Mkasi uko hewani.
"Macho nikukatie makubwa au madogo?"

Msichana anafikiri.
Anafikiri sana. Nyuma yake foleni inaguna,
mtu anasema jua limepanda,
Bi Thuwaiba hana haraka.

Nimeinua simu juu.
"Muzna, sikiliza."
"Nisikilize nini? Kelele tupu, mama."
"Subiri," nikasema.
"Bado hajajibu."