Daftari la Banda

Skipton, Machi. Barafu ingali kwenye bakuli
la kuku wangu wa hariri.
Nimeandika: jogoo buluu, tetea buluu.
Bi Thwaite akachungulia uani: "Basi vyote buluu!"
Sikumjibu. Mashine ikavuma jikoni
siku ishirini na moja.

Buluu ni weusi uliotiwa maji upande mmoja tu,
wa mama au wa baba;
pande zote mbili zikitiwa,
kifaranga hutoka cheupe, kimedondokewa wino.

Hesabu iliahidi nusu.
Nimepata vitano:
vitatu vyeusi tititi,
kimoja moshi,
kimoja madoadoa, vidole vitano kila mguu,
ngozi nyeusi kama ya baba.

Yai la sita nimeligonga kwa ukucha. Kimya.
Kwenye safu ya rangi
nimeacha wazi.