Saa Moja na Dakika Kumi na Nne, Juu ya Katuba

Simu ya Mwepu inasema itatokea upande wa Kipushi,
izame upande wa Ruashi, dakika sita, basi.
Baba amekwisha kutoa kiti chake cha plastiki uani,
kichwani kofia ya kiwandani, nyeupe iliyogeuka manjano,
kana kwamba kitu kinaweza kudondoka.

Mchana redio ilisema: serikali zimechoka.
Nyumba ile ya angani imekula hela miaka mingi,
sasa waje wenye makampuni, wajenge zao, wapangishe vyumba,
na hiyo ya zamani ishushwe, izamishwe baharini.
Baba akapunguza sauti. Habari hiyo anaijua.
Aliisikia kwa Kifaransa, mbele ya geti la tanuru,
ikisomwa na mtu mwenye tai asiyemtazama yeyote:
kuondoka kwa hiari,
na hiari yenyewe imeshapigwa muhuri.

Miaka thelathini na mmoja juu ya kreni.
Bahasha moja.
Akahesabu noti mezani, akahesabu tena,
mpaka Mama akamwambia acha, hazitazaana.

Kwanza ulikwenda unga wa posho. Halafu kitanda cha hospitali
kikapata bei. Halafu shule. Bwawa la kuogelea
likafugiwa samaki, na samaki nao wakapata mwenyewe.
King'ora kilinyamaza mwisho kabisa,
na kwa mwezi mzima Baba aliamka saa kumi na moja
akakaa kitandani, viatu mkononi, akisikiliza.

"Wale wa juu wamepewa barua?" ananiuliza.
"Anayefuta kioo cha dirisha atalipwa kwa mwezi au kwa siku?
Na hewa. Hewa watapewa, au watakatwa kwenye mshahara?"
Nacheka. Yeye hacheki.

Baba, namwambia, haikuwa yetu hata ilipokuwa ya serikali.
Serikali gani? Mle ndani hamna yetu.
Na kliniki iliyomtoa Mwepu tumboni mwangu akiwa mzima
ilikuwa ya mtu, ana jina lake na jenereta yake;
ile ya umma ilikuwa na foleni na mkasi wa kuazima.
Anakuna goti. "Ulilipa ngapi?"
Niliuza cherehani, nasema.
Hapo tunanyamaza wote wawili, na bukari inapoa.

"Lakini nyaya," anaanza upya. "Nyaya zake.
Nipe kipande cha shaba nikwambie kimepita tanuru lipi."
Anataka nimwandikie ankara, leo, kabla hawajauza.
Nachukua daftari la Mwepu. Kwa nani?
"Kwa mwenyewe."
Mwenyewe nani, Baba?
"Andika tu. Acha nafasi."

Saa moja na dakika kumi. Taa za baa ya Mama Kapya
zinakula anga lote, nyekundu, kijani, nyekundu,
Mwepu ananung'unika kwamba hatutaona kitu.
Dakika ya kumi na mbili, pap!
Katuba nzima giza. Muziki umekatwa katikati ya neno.
Kule mbali kilima cheusi cha masalia ya madini kimetoweka,
na dohani lake refu.
Majirani wanalilaani shirika la umeme,
ambalo bado ni la serikali.
"Umeona?" Baba anasema, kwa fahari kabisa.
"Kuna kitu bado wanatupa bure."

Ndiyo hiyo.
Haikonyezi kama ndege. Inakwenda moja kwa moja,
nyeupe, bila haraka, bila sauti,
kama mtu anayerudi nyumbani baada ya zamu ya usiku.
Mwepu anahesabu kwa sauti. Mimi nimeshika daftari
lenye ankara isiyo na jina.
Baba amesimama. Ameinua mkono wa kulia,
kiganja kimeelekea chini, vidole vinatikisika kidogo:
ni ishara ile ya zamani waliyompa yeye kutoka ardhini,
polepole,
shusha polepole,
huku chini kuna watu.