Lifti

Michenzani hakuna lifti.
Hilo tulilijua sote, hata mtunzi alilijua,
naye akaandika mchezo wa mauaji ndani ya lifti
kwa kuwa, alisema, ngazi hazimtishi mtu.

Basi tukaiunda. Plaiwudi,
rangi ya fedha iliyobaki kwenye kupaka mapipa,
kamba mbili. Ussi akavuta mlango wa kulia,
mie wa kushoto, sote miaka kumi na miwili,
na kila mara mlango wangu ulichelewa.

Leo mtoto wa Ussi kaniletea kwenye flashi.
Kaseti kaikuta darini, chini ya feni bovu.
"Ami, njoo utizame, mimi nimecheka mpaka basi."
Picha inatetemeka. Rangi zimevuja,
wekundu wote umehamia kwenye nyuso,
kila mtu kama katoka kuota moto.

Inspekta ni Mwalimu Vuai, wa jiografia.
Miwani nyeusi. Usiku. Ndani.
Anajikwaa kwenye ndoo, na ndoo haikuwemo hadithini,
lakini anaikagua, anainusa, anaandika kijidaftarini,
maana kanda ilikuwa ghali, hakuna kurudia.
Shinuna anapiga ukelele kabla hajaona kitu,
anatizama huku na huku, kaona haya,
ndipo unapotokea mkono wa muuaji
ndani ya glavu ya golikipa,
naye anapiga ukelele wa pili, mdogo zaidi.
Damu ni rojo la tungule na rangi ya halua.
Na kwa juu, kila baada ya dakika,
maikrofoni inachungulia
kama jirani anayetaka kujua nani kagombana na nani.

Tunacheka. Yeye anacheka hapa,
mie nacheka kwengine.

Usiku ule wa kuonyeshwa, ukumbi wa tawi, Kikwajuni,
ulijaa watu mpaka madirishani.
Muuza njugu kasahau kuuza.
Inspekta akanyanyua kidole: "Muuaji ni..."

Umeme ukakatika.

Mabishano yakaenda miaka.
Hamad, aliyeigiza muuza mikate
na ndiyo kazi yake hasa, akapoteza wateja wa kweli,
watu wakimuuliza boflo hii imekatwa kwa kisu gani.
Mkewe alikwenda mpaka kituoni
kuomba mchezo urudiwe, mumewe asafike.
Akaambiwa kanda haionekani.

Basi leo nimefika. Dakika ya hamsini na tatu.
Kidole juu. "Muuaji ni mimi," anasema Mwalimu Vuai,
anavua miwani,
na chini yake kavaa miwani nyingine.

Hivyo tu.
Hamad kafa mwaka juzi, angali mtuhumiwa.

Mtoto wa Ussi katoka kwenda kununua urojo.
Narudisha nyuma, dakika ya thelathini na moja.
Mlango wa kulia unafunguka,
wa kushoto unasita (ndio mie huyo),
na sakafuni maiti kalala chali.
Ni Pandu Khatib, fundi cherahani,
alikuja kuleta suruali ya Inspekta
wakamlaza, maana mwenye kufa hakutokea.

Maiti anapumua.
Tumbo linapanda, linashuka.
Inzi anatua puani, anakunja uso,
cheko linamjia mdomoni, analimeza.
Ukumbi mzima tulimzomea, "Anapumua! Anapumua!"
na jina likamganda, Maiti Hai,
akalijibu sokoni, akalijibu msikitini,
mpaka siku ile ambayo hapana aliyethubutu kumwita.

Pembeni, kwenye ukingo wa picha,
kamba ya Ussi inakazwa na mkono usioonekana.
Yeye hakuchelewa hata mara moja.

Nabonyeza kusimamisha, nimtizame Pandu vizuri.
Anaacha kupumua.

Nabonyeza tena, mbiombio.