Kitambaa Kwenye Ndoo

Saa nne usiku, Njedengwa. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango wa chumba cha seva,
nami, Perusi Mbijima, nimejitanda khanga juu ya koti:
mashine zinapenda baridi kuliko mimi.

Leo matokeo ya kidato cha nne yametoka.
Nchi nzima inabisha hodi kwenye mlango mmoja,
mlango uleule wanaopitia wakulima wa zabibu wa Hombolo
kuulizia bei, na kituo cha afya cha Handali
kikitafuta damu, O hasi, sasa hivi.

Mlango unapokea, unamkabidhi karani wa kati.
Karani anakabidhi ghala. Ghala linasubiri diski.
Na kila anayekabidhi anasahau katumwa na nani.
Ikifika ghalani, damu ya Handali
ni namba ndani ya namba, nyuma ya watoto elfu arobaini
wanaofungua ukurasa, wanaufunga, wanaufungua.

Kiini cha mfumo hakina ubaya.
Kinagawa zamu sawa kwa sawa,
kama mpishi wa bweni na upawa wake.
Hakimwoni mgonjwa. Kinaona sahani.

Bahi, mwaka wa ukame, bomba lilikuwa moja.
Watu walilala majumbani; ndoo ndizo zilizopanga foleni.
Usiku Nyendo aliposhikwa na uchungu
mama alichana pindo la kitenge chake chekundu
akalifunga kwenye mshikio wa ndoo,
na ndoo ikapita mkono kwa mkono,
bombani, kwenye pipa, kwenye baiskeli,
hakuna aliyeuliza ni ya nani.
(Chiwanga alilalamika. Chiwanga alilalamika kila siku.)

Basi nami nimechana pindo.
Kila ombi likigusa mlango nalifunga alama,
na kiini nimekifundisha kuisoma,
kuirithisha kwa karani, kwa ghala,
mpaka kwenye sindano ya diski.
Mistari mia mbili na kumi. Mitatu ilikuwa mibovu,
mashine ikazima yote Jumapili ya majaribio,
nikalia chooni, nikarudi.

Saa nne na dakika kumi na saba: Handali.
Naiona ikiingia na wekundu wake.
Foleni inajibana, inapisha.
Nukta mbili, imetoka upande wa pili.

Simu. Ni Lameki wa dada yangu, yuko Mpwapwa:
“Shangazi, mbona mfumo wenu unazunguka tu?”
“Ngoja, baba. Umetanguliwa.”
“Na nani?”
Simjui. Hilo ndilo jibu, lakini
mtoto wa miaka kumi na saba hulipeleka wapi?

Alfajiri nasoma kumbukumbu.
Lameki, daraja la tatu.
Handali, neno moja: limehudumiwa.
Mashine haiandiki kama alipona.