Ng'ambo ya Kadubo

Nilipewa daftari la kurasa themanini,
kalamu mbili za buluu, na koti la mvua la Msimamizi Cishugi
lenye karanga za mwaka jana mfukoni.
"Andika watu," akasema. "Vilima usiviandike,
vilima vimo kwenye ramani tangu enzi za Wabelgiji."

Kashwiga iko juu ya Bukavu, saa tatu kwa miguu kama hujabeba kitu,
na hakuna asiyebeba kitu.
Mashariki kuna mikalitusi ya misheni.
Magharibi, mteremko ulioporomoka Aprili na nyumba nne.
Kaskazini, siku isiyo na ukungu, unaliona ziwa
limekunjwa kama shati la mwalimu kabla ya mshahara.
Kusini unapita mto Kadubo, nao ndio mpaka:
huku shefu mmoja, kule shefu mwingine,
ushuru ule ule.

Nikaanza kwa Ntakwinja, mfua vyuma.
Mke mmoja, watoto saba, wa nane yumo tumboni.
"Muandike na huyo. Hadi vyandarua vifike
atakuwa anatambaa."
Kwa majirani zake nikaandika mkulima, mkulima, mkulima,
mpaka kalamu ikawa inalima.

Na vijana? Kati ya miaka ishirini na thelathini
ukurasa ulikuwa na pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili.
Kamituga, kwenye dhahabu.
Mjini, anasukuma mkokoteni.
Hatujui.
Fomu haina kisanduku cha hatujui.
Nilikichora pembeni, kwa rula.

Kwa Bashige nilikuta wageni kumi na mmoja,
waliofika usiku mmoja na godoro moja.
Fomu inauliza: mkazi au mpita njia?
Nikamuuliza mama yao. Hakunijibu mara moja.
Alitazama maharage yake, yameshaparamia miti,
yameshatoa maua.
"Waulize hao," akasema, "wao wana mizizi."

Jioni nikafika kwa M'Chiruza.
Jina lake limo kwenye orodha yetu ya zamani, nyumba namba 90,
lakini nyumba sikuiona huku.
Ilikuwa ng'ambo, ile ile, na moshi wake ule ule.
"Mimi sikuhama," alipaza sauti kuvuka maji.
"Usiku wa mvua kubwa Kadubo uliacha njia yake
ukapita mbele ya mlango wangu.
Anza kuuandika huo mto."

Karani wa upande wa pili alikuwa ameshapita Jumatatu,
akasema mama huyu ni wa kwetu.
"Na wewe utasema ni wa kwao," akacheka, bila furaha.
"Mume wangu bado ni wenu, kaburi lake liko hapo nyuma yako.
Maji yametuachanisha
bila kesi, bila mashahidi."

Nikakunja suruali.
Jina lake nililiandika nikiwa katikati ya mto,
maji ya magoti, baridi kama panga,
ili nikiongopa nisiongope nikiwa upande wa mtu.

Ofisini Cishugi alijumlisha mara mbili.
Mia sita na kumi na wawili.
"Weka mia sita," akasema, "robota zina hamsini hamsini,
watu wawili chandarua kimoja, inagawanyika vizuri."
Nikahesabu waliozidi:
wageni kumi na mmoja, na mwanamke mmoja.
Sikusema kitu. Mkono wangu ndio uliofuta.

Robota sita zilipanda Julai kwa vichwa vya watu.
Changu nilimpelekea M'Chiruza, naye akakipokea
kama mtu anayerudishiwa kitu alichoazimwa.

Nilipopita tena Agosti, kimefunikwa juu ya miche ya kabichi.
Kadubo kwa kiangazi ulikuwa mwembamba kama mshipi,
na kuku wake alikuwa akiuvuka mpaka,
akienda kuparua penye kaburi,
akirudi.