Nukta za Penseli

Kalenda ya duka la dawa ilining'inia jikoni, Novara,
ghorofa ya tatu, mlango wenye jina lako, Pierina.
Kila ulipoita usiku niliamka,
na kila nilipoamka nilitia nukta ya penseli
pembeni ya tarehe, ndogo kama yai la chawa.

Mkataba ulisema saa ishirini na tano kwa wiki.
Ulisema hivyo kwa wino mzuri, na muhuri.
Mwanao Fausto aliufungia kwenye droo ya vijiko vya fedha:
"Aglaia, haya ni mambo ya serikali tu.
Sisi humu ndani ni ndugu."
Nikajiuliza ni ndugu gani asiye na ufunguo wa droo.

Nililala chumbani mwako, kwenye kochi la kukunjua.
Jumapili ilikuwa yangu kuanzia saa nane mchana,
mradi usikohoe.
Mwanangu Mihail, kule Soroca, alibalehe ndani ya simu:
sauti yake ilivunjika Jumanne moja,
nikadhani ni mtandao.

Akili yako ilikuwa imeshaanza kuhama,
ikirudi kwenye mashamba ya mpunga ya ujana wako,
maji magotini, mgongo upinde, mbu shingoni,
siku arobaini za kupalilia na kulala juu ya majani makavu,
msimamizi juu ya tuta akiwahesabu migongo.
Uliniita Delfina. Sijui Delfina alikuwa nani.
Saa tisa za usiku ulinishika kifundo cha mkono:
"Delfina, wametupa mchele wetu?
Usitie sahihi. Hesabu kwanza."
Nikakubadilishia shuka.
Nikatia nukta.

Ulikufa Februari, ukungu umeziba madirisha.
Nilikuosha mimi, kwa maji ya uvuguvugu,
maana vidole vyako viliogopa baridi.
Siku ya nne Fausto akaja na bahasha na karatasi moja:
nimepokea haki zangu zote, sidai, sitadai.
Macho yake yalikuwa mekundu kweli, nisimsingizie.
"Ulikuwa kama binti yake," akasema.
"Chumba tunakihitaji Ijumaa."
Binti, mpaka Ijumaa.

Kalamu alikwisha kuifungua.
Nilikuwa nimechoka, Pierina. Bahasha ilikuwa nene kiasi,
Mihail anataka viatu namba arobaini na tatu,
na mwenye njaa hana miiko.
Ndipo saa tisa za usiku zikaniingia mchana kweupe:
hesabu kwanza.

Nikaenda jikoni nikaitungua kalenda,
na ya mwaka jana nyuma ya jokofu,
na ya mwaka juzi.

Ofisi ya chama cha wafanyakazi iko juu ya duka la baiskeli.
Dada mmoja mwenye mafua akavaa miwani,
akazifuata nukta kwa ncha ya kibanio cha nywele.
Hakumaliza hata Aprili ya mwaka wa kwanza.
Akasimama, akafungua dirisha.
"Hizi zote ni usiku?"
Hizi zote ni usiku.

Sijui nitapata nini. Fausto hapokei simu.
Nalala kwa Zinovia, juu ya zulia, kati ya mabegi,
na saa tisa naamka bado, bila kuitwa,
mkono unapapasa sakafuni
ukitafuta penseli.