Mstari Mmoja

Kazini kwetu hatufuti.
Ukikosea presha ya mzee wa chumba cha tisa
unachora mstari mmoja juu ya kosa,
mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka,
na pembeni unaweka herufi za jina lako na saa.
W.M., saa tisa na robo usiku.
Kosa linabaki palepale, limevaa jina lako,
zamu inaendelea.

Fomu ya chuo haina pembeni.
Ukishabonyeza "Wasilisha" inajifunga kama mlango wa benki
na mimi niko nje, Lowell, mwezi wa pili,
theluji imelifika sanduku la posta kiunoni,
nakala ya matokeo mkononi, ina muhuri,
na muhuri unasema C+.
Takwimu, muhula wa pili, C+.
Mimi niliandika B+.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi,
nilimwambia Mkawasi kwenye simu, nikacheka peke yangu.
Mkawasi huhesabu pesa za watu kule Worcester.
"Na Anatomia? Si umeandika B, na umepata A?
Basi. Huku umejipunja, huku umejizidishia.
Nyamaza, mizani imesimama."

Mizani imesimama.
Nililala nayo, yaani sikulala.

Asubuhi nikaipigia ofisi ya udahili.
Bi Ouellette, sauti ya mtu anayetafuna biskuti,
akasema haya hutokea kila mwaka, usiogope,
tuandikie: somo, ulichojaza, kilicho sahihi,
na sababu, sentensi moja inatosha.
Akaniita Washeko.
Sikumsahihisha.

Rasimu nimeiandikia chumba cha kufulia,
mashine zikizungusha mashuka ya wagonjwa:
*Kwa bahati mbaya, kidole kiliteleza.*

Nikaisoma. Nikaisoma tena.
Kwenye kibodi, kati ya C na B
ipo V, imekaa pale kama shahidi
ambaye hakuna aliyemwita mahakamani.

Usiku ule nilikuwa nanakili alama za nusu muhula,
karatasi zile nilizozibandika kwenye friji
kwa sumaku ya duka la piza.
Hiyo ni kweli.
Ni kweli pia kwamba nilipoufikia mstari wa Takwimu
niliinua mkono,
nikakumbuka mtihani wa mwisho,
nilivyotoka zamu nikaingia ukumbini na sare yangu ya kazi,
namba zikielea kwenye karatasi kama makapi kwenye maji,
nikakumbuka vizuri kabisa,
kisha mkono ukashuka.
Dole halikujikwaa.
Lilisimama kidogo,
likatazama huku na huku,
likavuka.

Basi nimefuta "kwa bahati mbaya".
Nimefuta na "kidole".
(Ofisini kwao, angalau, kufuta kunaruhusiwa.)
Nimebakiza:

*Takwimu: nilijaza B+. Sahihi ni C+.*
*Anatomia: nilijaza B. Sahihi ni A.*
*Hili la pili sikulijua.*
*La kwanza nililijua nusu.*

Sijui kama wana kisanduku cha nusu.
Sijui Bi Ouellette ataisoma yeye
au itasomwa na mtu ambaye hajawahi kusinzia wima
ameegemea kigari cha dawa.
Mkawasi akisikia ataniita mjinga, kwa Kitaita,
na Kitaita kina neno zuri kwa hilo.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, nimetuma.
Jibu likaingia kabla sijairudisha simu mfukoni:
*Tumepokea ujumbe wako. Tafadhali usijibu.*

Nje, gari la kukwangua theluji linapita na taa yake ya njano.
Kengele ya chumba cha tisa.
Mzee amekwisha kunja mkono wa pajama, ananingoja.
Mia moja thelathini na nane kwa themanini na mbili.
Kalamu imegusa karatasi.
Nimeiinua.
Nimempima tena.